Aliyebomoa Unga wa Ida

"Unga umebomoka," Mama Ida alisema kutoka mlangoni. "Mwanangu amekataa."

Sia akachungulia chumbani. Jana jioni kilima cha unga wa mtama kilisimama vizuri sakafuni, kimechongoka. Sasa kimetawanyika hovyo.

"Kwa hiyo ndoa hakuna," Cecil alisema, macho chini.

"Ndivyo tulivyokubaliana, baba. Kikisimama hadi asubuhi, marehemu ameridhia. Kikibomoka, basi."

Jamani, mapenzi yana visa! Hawa wawili walikuwa wasaka mizimu. Masasi nzima iliwajua: Sia, fundi simu kutoka Moshi, na Mwalimu Cecil, wakirekodi kila nyumba inayoogopwa na kurusha mtandaoni. Lupaso walikwenda, Newala walikwenda, na huko huko wakapendana. Nyumba moja tu Cecil aliikwepa miaka minne: hii yake ya Chiwata, alimofia mkewe Ida. Majirani waliapa kwamba marehemu husikika akitwanga humo.

"Nimesikia, mama," Sia alisema. "Nitapanda basi la leo. Siwezi kugombana na marehemu."

Akaingia kuchukua simu yake juu ya kabati. Aliitegesha jana bila kumwambia mtu; mazoea yana taabu. Akaketi barazani, akapeleka video mbele. Usiku kucha mzimu hakuna, panya mmoja tu. Alfajiri mlango ukafunguliwa. Mtu akaingia pekupeku, akasimama mbele ya unga muda mrefu, kisha akausukuma kwa mguu.

Sia hakupiga kelele. Alimtumia Cecil ujumbe, naye ameketi hatua tatu tu kutoka pale:

"Mzimu nimeuona. Umevaa bukta ya bluu."

Cecil akasoma. Akaitazama bukta yake.

"Sia, naomba..."

"Usiniombe! Sema mbele ya mama. Hunitaki?"

"Nakutaka mpaka naumwa!"

"Sasa?"

"Ida aliugua siku tatu humu ndani. Nikasema malaria tu hiyo, atapona. Siku ya nne nikamzika. Sitaki kukuzika na wewe."

Mama Ida akakaa chini taratibu.

"Kumbe mwanangu hajasema neno. Umemsingizia, baba."

"Nisamehe, mama."

"Na huko kutwanga mnakokusikia ni mimi. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikawa natwangia humu."

Sia akafuta machozi kwa kanga.

"Kuzikwa tutazikwa sote, Cecil. Ninachoogopa mimi ni kuishi na mwanaume anayejificha nyuma ya marehemu. Unanioa, au napanda basi?"

"Nakuoa."

"Mbona unanong'ona?"

"Nakuoa, Sia! Chiwata nzima isikie!"

Jumapili iliyofuata kasisi akasoma tangazo la ndoa yao.

"Mwenye kujua kizuizi chochote, na aseme."

Kwenye viti vya akina mama, Mama Ida akasimama. Kanisa zima likageuka. Sia akaushika mkono wa Cecil kwa nguvu.

"Mimi ni mama wa marehemu," alisema. "Kizuizi sina. Ila kwao huyu binti ni mbali. Siku ya harusi, atatokea nyumbani kwangu."