Moshi wa Ng'ombe Arobaini

Kila jioni Ngassa alirundika samadi kavu katikati ya zizi lake, akaitia moto. Samadi haiwaki vizuri. Hufuka. Moshi wake ni mzito, na nzi na mbu hawaupendi. Ndiyo maana wafugaji wa Igunga huwafukizia ng'ombe wao. Mpita njia akiona moshi mkubwa juu ya ua wa minyaa, husema moyoni, hapa kuna mifugo.

Moshi wa Ngassa ulikuwa wa ng'ombe arobaini. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanne.

Wengine walikufa kwa ukame wa mwaka juzi. Wengine aliwauza wakiwa mifupa. Ngassa hakumwambia mtu. Katika vikao vya kijiji alipewa kiti cha mbele kwa sababu ya ng'ombe, na kiti ni kitamu, asikudanganye mtu. Ua ulikuwa mrefu, na moshi ulimalizia kazi. Mkewe Kabula alijua, akanyamaza. Samadi ya ng'ombe wanne haikutosha, kwa hiyo Ngassa akawa anaomba kwa jirani yake Mhoja. Alisema ni ya kurutubisha shamba. Ilikuwa mwezi wa saba, shamba limekauka kabisa, lakini Mhoja alimpa bila kuuliza.

Mwezi huo baridi ilikuwa kali. Walikuwa wakiishi na mjukuu wao wa kike, Shukrani, wa miaka mitatu, ambaye mama yake alifanya kazi Nzega. Mtoto akaanza kukohoa. Kabula alimfunika blanketi, akafunga dirisha. Asubuhi kikohozi kilizidi.

"Ni baridi tu," alisema Ngassa. "Na vumbi la kiangazi."

"Na moshi je, mume wangu?"

"Nimekulia kwenye moshi. Umeniua?"

Kabula alimwinua mtoto, akampigapiga mgongo. Jioni Ngassa akawasha tena, na safari hii akaongeza samadi, maana wageni wa harusi ya jirani walikuwa wanapita njiani.

Siku ya nne alifika Asnath, mhudumu wa afya ya jamii.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Asnath alimpakata Shukrani, akafunua kifua chake. Alitazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Mama, anapumua haraka mno. Tazama hapa chini ya mbavu. Kila akivuta pumzi panabonyea ndani. Mtoto wa hivi hangoji kesho. Twende sasa hivi."

Waliita bodaboda. Shukrani alilazwa kituo cha afya. Ilikuwa nimonia, na mganga akasema moshi ulikuwa umemwongezea taabu. Kabula alibaki naye huko.

Ngassa alirudi peke yake. Jioni mikono yake ikawasha moto kwa mazoea.

Asubuhi yake, saa moja, Asnath alikuja kumchukua amwonyeshe kitu. Walipanda tuta la lambo, mahali pa juu kuliko pote kijijini. Mhoja alikuwa pale akinywesha mifugo yake. Walisalimiana. Kisha Asnath akanyoosha mkono.

"Tazama kule chini, baba."

Ngassa alitazama. Moshi ulilala juu ya nyumba, bapa, hauendi popote. Ulikuwa umefunika nyumba kumi na zaidi. Ulitoka zizi moja, nalo alilijua.

"Kijiji chetu kiko bondeni," alisema Asnath. "Usiku wa kipupwe hewa baridi hushuka, ikatuama huku kama maji kwenye jaruba la mpunga. Juu yake kuna hewa yenye joto kidogo, imefunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi unakosa pa kutokea. Tunauvuta usiku kucha, mpaka jua likolee na upepo uamke, kama saa nne."

"Lakini tulifunga dirisha."

"Mkaufungia ndani pamoja na mtoto."

Ngassa alitafuta paa la nyumba yake ndani ya moshi. Asnath aliendelea kwa upole.

"Mwenye kundi kubwa, akilazimika kufukiza, afanye mchana kukiwa na upepo. Moto uwe mdogo, mbali na nyumba, na upepo uwe unaelekea porini. Mwenye ng'ombe wachache hana haja ya moshi. Awanyunyizie dawa ya nzi, afisa mifugo atamwonyesha. Sasa niambie nijue la kukushauri. Moshi ule ni wa ng'ombe wangapi?"

Ngassa alifungua kinywa aseme arobaini. Alikwisha kulisema neno hilo mara nyingi na halikuwahi kumkwama. Akamkumbuka Shukrani, na ngozi ile inayobonyea.

"Wanne," alisema.

Alingoja kicheko. Hakikuja.

"Tunajua, mzee mwenzangu," alisema Mhoja.

"Tangu lini?"

"Ng'ombe wako wanakunywa hapa hapa. Nyayo za wanne si nyayo za arobaini. Na samadi niliyokupa haikufika shamba."

"Mbona hukusema?"

"Ulitaka heshima, tukakupa. Sikujua kwamba inamkaba mtoto. Ningejua, ningekunyima samadi. Hapo nami nina kosa."

Ngassa alijifunika uso kwa mikono. Miaka miwili aliona aibu kwa kuwa na ng'ombe wanne. Aibu hiyo ilikuwa ndogo. Hii ya sasa ilikuwa kubwa, kwa sababu alikuwa amemfukizia mjukuu wake moshi ili watu wamwite tajiri, na watu wenyewe hawakudanganyika hata siku moja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia kitandani kwa mtoto.

Alishuka, akauzima moto kwa ndoo tatu za maji. Wiki hiyo afisa mifugo alimfundisha kunyunyiza dawa.

Shukrani alirudi nyumbani akiwa mzima. Asubuhi ya pili Ngassa alimbeba hadi mlango wa zizi. Hewa ilikuwa safi, na mbuga ilionekana mpaka mbali. Watu walikuwa wanapita njiani kwenda lambo. Mtoto alinyoosha kidole, akahesabu kwa sauti kubwa, bila kukohoa hata mara moja.

"Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Wameisha, babu."

Wapita njia waligeuka. Ngassa aliona haya, uso ukamwaka. Hakumnyamazisha.

"Ndiyo, mama," alisema. "Wameisha. Hesabu tena."