Maji ya Makayabu

Katika barabara yetu yote ya Bulengera hakuna mtoto anayejua kufuga kuku kama mimi, Gracieuse. Kuku wangu hawaumwi, hawapotei, na jioni nikigonga sahani mara mbili wanaingia bandani kwa mstari, kama wanafunzi waliomwona mkuu wa shule. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu darasani siku ya Ijumaa, na sikupunguza hata neno. Jumapili, saa kumi za mchana, kuku wetu mkubwa kuliko wote alikuwa amelala ubavu ndani ya banda, miguu imenyooka, mfu.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Nina miaka kumi na mitatu, naishi na mama yangu, Mama Mariette, anayeuza unga wa muhogo sokoni. Kila asubuhi nashuka kwenye chemchemi na bidoni mbili za manjano, napanda nazo, najaza pipa la jikoni. Halafu nashuka tena kuchota maji ya kuku. Kuku walikuwa tisa. Yule mkubwa tulimwita Directrice, yaani mwalimu mkuu wa kike, kwa sababu alitembea kifua mbele na hakuna aliyethubutu kunywa kabla yake. Alitaga karibu kila siku. Mama alimpenda kuliko anavyonipenda mimi, ingawa yeye anakataa.

Jumapili hiyo mjomba Kahongya alikuwa anakuja kula kwetu, kwa hiyo mama aliloweka makayabu tangu usiku. Hao samaki wana chumvi kali. Usipowaloweka utakunywa maji mpaka kesho. Mama alienda misa ya kwanza, akaniachia kazi: nitoe samaki, nimwage maji ya beseni, nichote mengine, niwape kuku, nifunge banda, kisha nami niende misa ya pili.

Ulikuwa mwezi wa pili, jua limekausha kila kitu, na foleni ya chemchemi ilifika hadi barabarani. Nilishuka mara moja tu. Niliporudi nilitazama ule mteremko, nikatazama beseni limejaa, nikajiambia kwamba maji ni maji. Nikatoa samaki, nikamimina maji ya makayabu katika chombo cha kuku, nikafunga banda. Nilifika kanisani mapema, nikakaa mbele kama mtoto mwema.

Baada ya kula ndipo mama alipoenda kuwafungulia kuku. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya kawaida, na nilipofika akanyosha kidole bandani niangalie. Chombo kilikuwa kikavu. Kuku wawili walikuwa wamejikunyata pembeni. Directrice hakuwa na jeraha, wala hakuwa na damu. Asubuhi alikuwa amemfukuza jogoo. Mchana alikuwa gogo.

Mjomba Kahongya alimpima kwa macho, akasema kwa huzuni kwamba alikuwa mnono, na kwamba kisu kikipita shingoni haraka hakuna atakayejua kama alikufa kwanza. Mama akamuuliza kama ni yeye atakayeeleza hospitalini. Tangu ile miaka ya ugonjwa mbaya wa kutokwa damu, kwetu mnyama aliyejifia mwenyewe hanyonyolewi, haliwi, wala hashikwi kwa mikono mitupu. Mama alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamfukia Directrice katika shimo refu, akatupia majivu juu, na sote tukanawa kwa sabuni. Kisha akanituma chemchemini, na safari hii nilishuka bila kutazama mteremko. Kuku waliobaki walikunywa kana kwamba wamevuka jangwa.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda shule, alikuja Ananie, daktari wa wanyama. Aliwakagua wale wanane mmoja mmoja. Hawakukohoa, shingo hazikupinda, mavi hayakuwa ya kijani. Akasema kwamba haikuwa ile tauni inayomaliza kuku wa mtaa mzima, na mama akavuta pumzi. Kisha akauliza walichokunywa.

"Maji ya chemchemi," nikajibu haraka, kabla mama hajafungua mdomo.

Ananie alisema basi huenda walikula kitu kibaya: sumu ya panya, dawa ya mboga, hata chumvi nyingi, chumvi inaua kuku upesi. Alisema hivyo huku akifunga mfuko wake, bila kunitazama. Mimi nikaanza kufagia banda nililokuwa nimeshalifagia.

Mama hakusikia habari ya chumvi. Alisikia dawa ya mboga. Alikuwa anatazama uzio wa mianzi unaotutenganisha na Papa Siméon.

Papa Siméon analima kabichi na lengalenga, ule mchicha wetu, anauza mbele ya nyumba yake, na kanisani kwao Waprotestanti anaongoza kwaya. Wiki moja kabla, kuku wetu waliingia shambani mwake wakachakura miche yote. Alimwambia mama kwamba siku moja atachoka na hao kuku. Alisema akicheka, lakini kuku akishakufa, nani anakumbuka kicheko? Na Jumamosi ile kila mtu alimwona na pompi ya dawa mgongoni, akinyunyizia kabichi.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nilifanya kile ninachokijua: nilichekesha watu. Njiani kwenda shule nilibeba mkoba kama pompi, nikanyata kwa vidole vya miguu, nikanyunyizia kuku asiyeonekana, nikamwomba radhi kwa sauti nene ya kwaya. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilijisikia salama, kwa sababu kadiri walivyomcheka Papa Siméon ndivyo beseni letu lilivyokuwa mbali.

Lakini mchezo wangu ulifika nyumbani kabla yangu. Kila mtoto aliurudia kwa mama yake, na kila mama aliusikia bila kicheko ndani. Kwetu Butembo, neno sumu halisemwi kama mzaha. Mtu akishaitwa mtu wa sumu, hata maji ya kisima chake watu wanayanusa. Jumanne wanawake waliokuwa wakinunua lengalenga kwa Papa Siméon walipita upande wa pili wa barabara. Jumatano, hali kadhalika. Mama naye, ambaye kila asubuhi alimsalimia juu ya uzio kwa Kinande, "Wavukire," sasa alipita kimya akiwa ameinamisha kichwa. Akaniambia kwamba Jumamosi atapeleka jambo kwa mkubwa wa nyumba kumi.

Alhamisi jioni nilitoka shule nikamkuta Papa Siméon amekaa kwenye kigoda chake. Mafungu ya lengalenga yalikuwa mbele yake kama alivyoyapanga asubuhi, isipokuwa yalikuwa yamenyauka. Aliyakusanya polepole, akampelekea mbuzi. Mbuzi pekee ndiye ambaye hakuogopa kula. Papa Siméon aliniona, akaniuliza kama tulifanya mtihani wa hesabu. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, akaingia ndani.

Angenitukana ningelala usingizi mzuri. Ila aliniuliza habari ya hesabu.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilikaa karibu naye, nikachambua yangu, nikachanganya mabovu na mazuri mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

"Mama, Papa Siméon hakuua kuku."

"Umejuaje?"

"Ni mimi. Niliwapa maji ya makayabu."

Mama aliweka ungo chini. Aliniuliza ni maji gani, saa ngapi, mangapi, na mimi nikamwambia niliona uvivu kushuka mara ya pili. Sikuona mkono wake ukinyanyuka, ingawa nilikuwa nimeshakunja shingo. Aliufunga upya mtandio wake, akanishika kifundo cha mkono, na tukazunguka uzio hadi kwa jirani. Aliniambia njiani kwamba aliyechafuliwa jina lake hasafishwi jikoni kwetu, anasafishwa mlangoni kwake.

Papa Siméon alitoka na taa ya simu. Mama alimsalimia kwanza, "Wasivire," kwa kuwa ilikuwa jioni, na yeye akaitikia kana kwamba hakukuwa na siku tatu za kimya. Kisha mama akanisukuma mbele kidogo. Nikasema yote: beseni, jibu nililompa daktari, hata mchezo wa pompi. Hapo kwenye mchezo nilijaribu kutabasamu, nikaona hakuna mwenye haja na tabasamu langu.

"Papa Siméon," mama akasema, "mimi mutu muzima nilikosa kuliko huyu mutoto. Yeye alidanganya, lakini mimi sikukuuliza hata swali moja. Unisamehe. Kesho asubuhi nitakuja kununua lengalenga hapa mbele, batu wote banione."

Papa Siméon akasema imeisha, jirani ni jirani, na kwamba kabichi atazinyunyizia siku ambayo kuku wamefungiwa. Mama akanigeukia. Akasema kwamba kazi iliyorukwa asubuhi mtu mwingine ataibeba jioni, na kwamba mimi niliruka ndoo moja ya maji, akaibeba jirani siku tatu nzima kichwani. Toka kesho nitapita kwa kila mwenzangu aliyecheka, nimweleze kilichomuua kuku, na sitaanza kwa kuchekesha. Lakini akaongeza kwamba ameshukuru nimesema mwenyewe.

Nilipumua. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri, na mtu akishashukuriwa anatamani kushukuriwa tena kidogo. Nikaweka uso wa malaika, nikasema:

"Kumbe ningejua yana chumvi, ningemwaga. Niliona ni maji ya kawaida tu."

Papa Siméon alikohoa.

"Gracieuse, mutoto wangu," akasema taratibu, "Jumapili ile nilikuwa hapa kwa uzio, niko namwangilia miche. Nilikuona. Uliingiza kidole mu beseni, ukalamba, ukatema mate mara mbili. Ukafuta ulimi kwa shati. Halafu njo ukamwangia kuku."

Taa ya simu ilinimulika usoni. Nilimuuliza Papa Siméon, kwa sauti ndogo sana, kwa nini alinyamaza siku zote hizo wakati mboga zake zilikuwa zinanyauka.

"Ningesema mimi, batu wangesema mutu muzima anamubebesha mutoto kosa yake. Nilikungoja wewe," akajibu. "Na ukweli, mutoto wangu, haukatwi nusu. Sasa sema ile nusu ingine. Mama yako iko nasikia."