Mikono Juu Sokoni

Soko la Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, lilifurika Jumamosi ile. Zala, ndani ya koti lake jekundu, alikuwa akipimiwa kabichi chachu alipokutana uso kwa uso na Brina, mpenzi wake wa zamani. Na alivyopendeza, mwanaharamu huyo! Skafu ya kijani, nywele zimekatwa upya.

"Kipenzi, umekonda," Brina akasema.

"Kura yako imenikondesha."

Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kusajili wenza wa jinsia moja. Wapinzani wakakusanya saini ili wananchi waipigie kura ya maoni. Brina naye akatia saini, akarudi nyumbani akijisifu: watu wenyewe wakiikubali, nani atathubutu kuigusa tena? Watu wakaikataa. Zala akafungasha nguo zake, na tangu hapo kinyongo hakikumtoka.

"Niliamini tutashinda, Zala."

"Uliwaamini majirani wakuamulie kitanda chako."

"Nilikosea. Rudi nyumbani, mpenzi. Nakuomba."

Zala akamtazama, akapanda juu ya kreti tupu la tufaha.

"Jamani! Huyu mwanamke anataka nirudi kwake. Wanaokubali, mikono juu!"

Brina akaiva uso. "Shuka, tafadhali! Haya ni mambo yetu wawili."

"Ehee! Leo yamekuwa ya wawili?"

Raha ya kisasi ilimpanda Zala mpaka masikioni. Muuza uyoga akacheka, akainua mkono. Bibi wa maua akafuata, kisha wateja wenye vikapu.

"Mpe nafasi, binti!" mmoja akapaza sauti.

"Mimi hayanihusu," akanung'unika muuza jibini, mikono mfukoni.

Brina aligeuka huku na huku, akiitazama mikono inavyoongezeka, na aibu yote ikamtoka usoni.

"Wamekubali!" akashangilia. "Zala, safari hii tumeshinda!"

Zala alishuka, akachukua kabichi yake, akaondoka bila kuaga. Alikuwa amelipiza, tena mbele za watu. Lakini kufika darajani, machozi yalikuwa yakimtiririka, naye alijichukia kwa hilo. Simu ikaita.

"Mpenzi, mbona umekimbia? Soko zima limekubali!"

"Nimeona. Na mimi je?"

"Wewe vipi tena?"

"Mkono wangu uliuona?"

Nyuma ya Brina wauzaji walikuwa bado wakishangilia.

"Hata hukuutafuta," Zala akasema, akakata simu.