Mavyaa Alivyoingojea Hedhi Yangu ya Tatu

"Simama! Simama watu waone ulichonifanyia!"

Nikasimama.

Wanawake wote waliokuwa mkekani wakageuka kunitazama. Kanga yangu kwa nyuma ilikuwa imelowa damu...

Jamani! Wanawake wale walikuwa wamekuja kuisomea dua mimba yangu. Mimba ya miezi saba!

Bi Mwanatabu, mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, akanivuta mbele ya wageni wake. Akanibonyezabonyeza tumbo kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Hamna kitu humu!" akapiga kelele. "Hamna mtoto! Ni mafuta matupu! Miezi yote hii alikuwa akituchezea!"

"Mama, wallahi sikujua..."

"Hukujua? Kwani mwili ni wa jirani?"

Akamwita mume wangu, Faki, aliyekuwa barazani na wanaume.

"Mwache! Mwache sasa hivi, au mimi si mamako!"

Faki akanitazama.

"Mwanasaumu... nimekuacha. Talaka moja."

Akatoka. Hata viatu hakuvaa.

Hiyo ilikuwa Timbwani, Likoni, mwaka wa 1960. Mimi nilikuwa kijana mbichi wa miaka ishirini na kitu. Leo ni ajuza, naandika kwa kidole kimoja, mnisamehe nikikosea. Lakini nimechoka kusoma humu mitandaoni watu wakiwacheka wanawake wasiozaa. Leo nasema yote.

Tangu nivunje ungo, siku zangu hazikuwa na adabu. Zilikuja zikitaka. Mara mwezi, mara miezi mitatu kimya, mara minne. Nikanenepa kiuno bila kula. Kidevuni nikaota vinywele, nikawa naving'oa kila asubuhi kabla Faki hajaamka.

Siku hizi madaktari wana jina lake, wanaita PCOS. Sisi hatukuwa na jina. Tulikuwa na lawama tu.

Kila nilipopitisha miezi, nyumba nzima ilifurahi. Kisha damu, kisha matanga. Na safari ile nilipitisha mingi, tumbo likajaa, kichefuchefu kikanijia... hata mimi niliamini! Nilikuwa nikimsemesha mtoto nikichota maji. Mnaelewa? Nilikuwa na mtoto moyoni, na siku ile mkekani nilifiwa. Hakuna aliyenipa pole.

Faki aliona aibu kukaa Likoni. Akaenda bara kufanya kazi ya reli, Makindu huko, bila kuniaga.

Bi Mwanatabu akanifungia virago vyangu kwenye shuka.

"Nenda kwa kakako Kisauni!"

Lakini shehe wa msikitini akamzuia.

"Mwanamke wa talaka moja hukaa eda katika nyumba ya mumewe. Zije hedhi tatu, na hii ya leo haimo; ya tatu ikianza tu, eda imekwisha. Kabla ya hapo mumewe anaweza kumrejea kwa neno tu. Kumtoa ni dhambi, Bi Mwanatabu."

Hedhi tatu!

Kwa mwanamke mwingine hiyo ni miezi mitatu au chini. Kwangu mimi je?

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Nyumba moja, wanawake wawili, na sote twangoja damu.

"Zimekuja?" Bi Mwanatabu huniuliza asubuhi, hata salamu yangu hajaitikia.

"Bado, mama."

"Leo je?"

"Bado."

Nilikuwa situlii. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Naenda kisimani na ndoo imejaa. Nikisikia feri ikipiga honi, moyo unaruka, huenda ni Faki! Nikihisi tumbo laniuma kidogo, moyo unaruka tena, huenda ndiyo damu! Sikujua niombe lipi.

Ya kwanza ilikuja baada ya Idi. Kisha kimya... mwezi, miwili, mitano. Mwaka ukageuka.

Siku moja nikamkuta kaka yangu Mbwana ameketi barazani na Bi Mwanatabu. Watu wasiopikika chungu kimoja! Nikajua kuna jambo.

"Dada," Mbwana akaanza, "kuna mtu Kongowea ataka kukuoa. Mjane, ana watoto wake, hatakudai mtoto. Hatangoja milele."

"Eda yangu haijaisha, kaka."

Bi Mwanatabu akakohoa.

"Eda ni neno la mwanamke mwenyewe. Hakuna anayekwenda kumchungulia. Sema zimekuja. Zote mbili. Nani atajua?"

Nilihisi damu yanipanda kichwani.

"Mama, uliniita muongo mbele ya mtaa mzima na nilikuwa nasema kweli. Leo waniomba niseme uongo?"

"Ni uongo mdogo..."

"Mdogo kwako!"

Nikachukua buibui langu nikatoka. Nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu Kache.

Kache alikuwa Mrabai, Mkristo, mumewe Ngowa akifanya kazi kwenye gari la moshi. Yeye hakuwahi kunicheka hata siku moja.

"Mwanasaumu," akaniambia, "wewe hukurogwa. Unaumwa. Kuna daktari mwanamke ng'ambo, hospitalini. Vaa buibui twende."

Tukavuka kwa feri.

Daktari alikuwa Mhindi, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alinipima taratibu. Akaviona vile vinywele vya kidevuni, nikataka kujificha uso.

"Usifiche," akasema. "Hivi vyaniambia ugonjwa wako."

Akanieleza. Kwamba ndani ya mwanamke kuna vifuko viwili vya mayai. Vyangu vilikuwa vimevimba, vimejaa vilengelenge, na yai haliivi likatoka. Ndiyo maana siku haziji. Na zisipokuja muda mrefu, mwanamke anayetamani mtoto huweza kuhisi ana mimba kabisa.

"Kwa hiyo sikusema uongo?" nikauliza.

"Hapana. Mwili wako ulikudanganya wewe kwanza."

Nililia, wapendwa! Kwa mara ya kwanza mtu aliniambia hivyo.

"Kuna upasuaji," akaendelea. "Tunapunguza kipande kidogo cha vile vifuko. Wengi siku zao hurudi sawa. Baadhi huzaa. Siwezi kukuahidi. Mume wako yuko wapi akubali?"

"Nina nusu ya mume, daktari."

Nikamweleza habari ya eda. Akaweka kalamu chini.

"Basi fikiri vizuri. Nikikutibu, hedhi zitakuja."

Umeona mtego?

Nisipotibiwa, eda haiishi. Faki bado ni wangu kwa kamba nyembamba, anaweza kurudi wakati wowote akasema neno moja tu. Lakini sizai.

Nikitibiwa, huenda nikazaa siku moja. Lakini zikija mbili tu, kamba inakatika!

Siku nyingi nilizunguka na fikira hizo. Kula sili. Kache alinisindikiza hata pwani, tukatembea tu, tukarudi, tukatembea tena.

"Wamngoja mtu asiyetuma hata salamu," akaniambia. "Wewe mwenyewe je, nani akungoje?"

Neno hilo lilinichoma.

Nikamwambia kaka Mbwana anisimamie. Nikapasuliwa.

Niliporudi Timbwani, kidonda hakijakauka vizuri, ikaja ya pili. Yenyewe! Nilicheka, kisha nikalia kwenye kanga nisisikike.

Bi Mwanatabu aliposikia, alinipikia uji wa pilipili manga. Mwanamke huyo hajanipa hata maji tangu siku ile!

"Kunywa, mwanangu. Upate nguvu."

Nguvu za kuondoka, ndiyo maana yake.

Na Kache naye hakukaa kimya. Alimtuma mumewe Ngowa amtafute Faki huko Makindu, amwambie kwa mdomo: mkeo bado yumo edani.

Mimi sikujua.

Ya tatu ilikuja kwa wakati wake, asubuhi, nikichambua mchele. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa wakati wake! Nikakaa na ungo mapajani. Sikumwambia mtu. Nikasema nitakaa na siri hii hadi kesho, kisha nitafunga virago.

Kesho yake, jua la saa nne, mlango ukagongwa.

Faki!

Amekonda, vumbi jekundu la bara bado liko kwenye suruali. Nyuma yake wanaume wawili wa msikitini.

"Mwanasaumu!" akasema. "Mama alinitumia habari kuwa umeshaolewa Kisauni! Mwaka mzima najua wewe ni mke wa mtu! Jana Ngowa ndiye kaniambia..."

Nikamgeukia Bi Mwanatabu. Akatazama chini.

Faki akawageukia wale wawili.

"Ndugu zangu, shuhudieni. Mimi Faki nimemre—"

"Usiseme!"

Sauti ilinitoka kubwa, hata mimi nilishtuka.

Hakuna aliyejua ila mimi na Mungu wangu. Ningenyamaza tu kidogo, angemaliza neno lake, ningekuwa mkewe. Nilimpenda, wallahi. Nilimtaka!

Lakini hiyo ndoa ingekuwa ya haramu. Na mimi sikuwa muongo.

"Eda imekwisha," nikasema. "Jana asubuhi."

Faki akakaa chini, pale pale mlangoni.

"Basi... basi nitakuposa upya."

Hapo, jamani, nikagundua kitu. Mara ya kwanza niliolewa sijaulizwa. Angenirejea siku ile, pia nisingeulizwa. Sasa ilikuwa lazima niulizwe!

"Waje waniombe Kisauni," nikasema. "Na aje mamako mwenyewe. Wanawake aliowaambia mimi muongo, awaambie kweli. Bila hivyo, hapana."

Nikabeba virago vyangu nikaondoka.

Ilipita miezi. Faki akija, namrudisha. Mamake hataki.

Kisha siku moja mchana nikamwona Bi Mwanatabu uani kwa kaka, peke yake, buibui limejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, bila kukaribishwa.

"Faki sikumzaa mimi," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ni mwana wa marehemu dadangu, alikufa uzazini. Nilimchukua mchanga, nikahamia Likoni, nikasema wangu. Kwetu Msambweni mimi pia niliolewa. Mimi pia zilikuwa haziji. Tumbo likajaa, nikasomewa dua... kisha damu. Mume akaniacha siku ile ile."

Nikashika nguzo.

"Kwa hiyo siku ile mkekani... ulijua sikudanganya?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini, mama? Kwa nini?!"

Machozi yakamshuka.

"Nilipokuona umesimama pale na kanga ile, nilijiona mimi. Nikataka uondoke machoni pangu. Ni hivyo tu, Mwanasaumu. Sina sababu nyingine."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumkumbatia. Nikaishia kumletea maji ya kunywa.

Ijumaa iliyofuata aliwaita wanawake wale wale. Akasema yote, langu na lake, sauti ikikatika. Faki alisikia akiwa ukumbini. Alimwendea akambusu mikono, akamwita mama, kama kawaida yake.

Tukaoana upya mwaka wa 1962, kwa ndiyo yangu mwenyewe, tukahamia Changamwe. Mtoto hakuja upesi. Nilikwisha kukata tamaa tulipopata msichana, wakati bendera mpya ya uhuru bado ni ngeni machoni. Mmoja tu. Wengine hawakuja, na nilikubali.

Bi Mwanatabu naye alibadilika. Akisikia mtaani kuna mke anasemwa hazai, alikuwa anakwenda kumshika mkono, wanavuka feri pamoja hadi hospitalini. Wengine walizaa. Wengine hawakuzaa. Wote walirudi wakijua hawana kosa.

Basi nyinyi mama wakwe, mawifi na waume mnaosoma hapa: siku za mwanamke zisipokuja sawa, huo ni ugonjwa, si tabia. Msimhukumu, mpelekeni hospitali.

Na wewe unayemsema mwenzako kwa ukali kuliko wote... jiulize ni kidonda cha nani unachokitonesha.