Koti la Ombir Lilipogoma

Wifi yangu Sunmati ndiye aliyeniambia kwanza. Tulikuwa tunatwanga ulezi, mwanangu nimembeba mgongoni.

"Umeliona baraza la Mama Ombir? Kila asubuhi nyayo za buti. Zimelowa, na mvua haijanyesha."

"Labda ni za muuza chumvi."

"Muuza chumvi gani anaingia asitoke?" Akacheka, akamfinya mwanangu shavu. "Na huyu naye atavaa buti, we subiri."

Ombir alikuwa askari wa kulinda amani. Alifia Kongo, mtoni, aliporudi kumtoa mwenzake aliyepigwa risasi. Maiti yake ikaletwa ndani ya sanduku, tukaichoma kwa desturi yetu. Nishani ya ushujaa hakupewa. Wakubwa wa jeshi walisema hakuna shahidi.

Kwetu, moto haumalizi kazi. Lazima marehemu aagwe: sanamu ya mianzi huvishwa nguo zake, ndugu huivuta kwa kitambaa cheupe hadi nje ya kijiji, ndipo roho hushika njia ya kwa mababu. Mama yake aliikataa ibada hiyo.

"Mwanangu hatakwenda kwa mababu kifua kitupu," alisema.

Miaka miwili alipanda basi kwenda Kathmandu, mji mkuu, kupiga hodi kwa maofisa. Miaka miwili koti la jeshi la Ombir lilining'inia ukutani. Mwishowe yule aliyeokolewa alijitokeza akatoa ushahidi, na nishani ikaja.

Siku ya ibada niliitwa mimi kuibandika kwenye koti alilovishwa sanamu, kwa kuwa macho ya Mama Ombir hayakuiona pini vizuri. Niliposukuma pini kifuani pa koti, nilihisi nguo imelowa. Niliona haya kusema.

Mchana ukungu ukashuka. Ndugu wakashika kitambaa, wakavuta. Sanamu haikusogea.

"Vuteni basi! Au pombe imewalegeza?" mjomba akatania.

Wakavuta tena, wanaume wote kwa pamoja. Mianzi ikalia. Hakuna aliyecheka sasa. Maji yakaanza kuchuruzika kwenye mikono ya koti. Maji mekundu, ya udongo.

Udongo wetu ni mweusi.

Mzee wa ibada akamwinamia Mama Ombir, akanong'ona. "Hataki nishani hii. Mvue."

"Nimeihangaikia miaka miwili, mzee wangu."

"Naye amekungoja miaka miwili. Mvue, au abaki."

Mama Ombir akaisogelea sanamu. Kisha akaichomoa nishani, akanitia mkononi bila kunitazama.

"Nishikie, binti."

Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mwanangu, mgongoni kwangu, akaanza kulia.

Sanamu ikainuka kama unyoya. Mama Ombir hakutoa chozi. Alisema tu, taratibu, "Haya, nenda, baba."

Jioni nilimrudishia nishani yake. Nilimwona kwa macho yangu akiitia ndani ya sanduku la bati na kulipiga kufuli.

Asubuhi iliyofuata baraza lake lilikuwa kavu. Nilishukuru. Nikamchukua mwanangu nimbadilishe nguo.

Kwenye fulana yake, kifuani upande wa kushoto, palikuwa na matundu mawili madogo. Matundu ya pini ya nishani. Yalizungukwa na udongo mwekundu.

Sikumwita mtu. Nilichukua sindano, nikakaa mlangoni, nikaanza kuyaziba. Kila nilipovuta uzi, ulitoka umelowa.