Tope Jekundu la Mgodi Linavyosafisha Maji Yetu

Kila asubuhi nachemsha maji ya kisima mpaka yatokote. Nayapooza, nayachuja, nayatia kwenye ndoo yenye kifuniko. Mimi na uchafu hatupatani. Lakini kitinda mimba wangu akawa haachi kuumwa tumbo. Akakonda, hata masomo hayashiki. Zahanati wakampima damu. Ilikuwa na madini ya risasi. Nikaenda kulalamika kwenye mgodi ulio jirani yetu.

"Chemsheni zaidi," msimamizi wa mgodi akaniambia. "Au hameni."

Nihame? Kisima kachimba babu yangu, mgodi umekuja juzi tu! Nikamwambia sihami ng'o.

Mtaalamu wa maji akaja kupima kisima. Ni mwanamke mcheshi, hana makuu.

"Dada, kuchemsha kunaua vijidudu," akasema. "Risasi iliyotoka mgodini haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki ileile. Yanazidi kuwa na sumu."

Nilipandwa na hasira. Kuni zote zile! "Sasa tufanyeje?"

Akaonyesha malundo ya tope jekundu nje ya uzio wa mgodi. "Tope lile lina chuma chenye kutu. Kutu hiyo hunasa risasi."

Mume wangu ni mfyatua matofali, na subira hana. Papo hapo akazoa tope kwa beleshi, akakimbilia kisimani.

"Shemeji, acha!" mtaalamu akapiga kelele. "Tope bichi nalo lina sumu! Lazima lipimwe, lioshwe, lichomwe kwanza."

Maabara ya mtaalamu yule ikachagua lundo linalofaa, ikaliosha tope. Mume wangu akalichanganya na udongo wa mfinyanzi, akatengeneza punje ndogo kama maharage. Akazichoma tanuruni kwa moto waliomwelekeza. Punje zikapimwa tena, tukazijaza kwenye pipa. Maji yanaingia juu, yanatokea chini.

"Punje zikishiba risasi, hazinasi tena," mtaalamu akatuonya. "Nirudishieni, niwape mpya. Msizitupe shambani."

Maji ya pipa yakapimwa. Salama! Majirani wakamiminika na ndoo zao. Mwanangu akaanza kula vizuri, na risasi kwenye damu ikaanza kupungua.

Ndipo msimamizi akaja, kakunja uso. "Lile tope ni mali ya kampuni. Lirudisheni."

"Ala! Si mlilitupa nje ya uzio kama takataka?"

"Kila kilichotoka mgodini ni mali ya kampuni."

"Haya, chukua mali yenu." Nikamsogeza mwanangu mbele yake. "Anza na iliyomo kwenye damu yake."