Aliyecheza Bila Kushangiliwa

Kwenye bango la mlangoni wachezaji walikuwa sita. Semisi, ambaye kwa miaka miwili hakuwa na kazi zaidi ya kusoma chochote kilichoandikwa, aliyahesabu majina mara mbili. Lakini nyuma ya pazia, pale walipokuwa wakijipodoa, viti vilikuwa saba. Cha saba kilikuwa kimelowa.

"We msomi, acha ukaguzi, kaa!" Lupe akamvuta shati. "Miaka ishirini na sita ndo kwanza unaliona onyesho letu! Baba mchungaji angekuona leo!"

"Baba kafa. Mama yuko Auckland anafua mashuka ya wazee wa watu. Nani wa kuniona, digrii yangu?"

Toma, rafiki yao wa tatu, alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Lupe alikuwa fa'afafine: alizaliwa mvulana, akakua binti wa kwao, na Apia nzima, mji mkuu wa Samoa, hakuna aliyemshangaa. Wa kushangaza mchana ule alikuwa Semisi, mtoto wa nyumba ya mchungaji. Jumatatu Lupe na Toma wangepanda ndege kwenda Australia kuchuma matunda. Semisi naye aliomba. Akajibiwa kwamba amesoma mno. Amesoma mno kuchuma machungwa! Basi wakamleta hapa, waagane wakicheka.

Na kweli walicheka. Wale sita walitoka mmoja mmoja, kope kama mafagio, wakifuatisha nyimbo kwa midomo bila kutoa sauti. Wa nne alimnyooshea Semisi kidole. "Huyu mwenye sura ya barua ya kukataliwa kazi, nani kaja naye?" Ukumbi ukalipuka, na Semisi, kwa mara ya kwanza tangu mahafali, akacheka mpaka machozi.

Kisha muziki ukazimwa, na wa saba akatoka.

Nywele zake ziliachiwa hadi magotini, ua jekundu sikioni. Alinukia langilangi, na chini ya langilangi, maji yaliyolala. Alianza taualuga, ngoma ya kufungia, ile ya mikono na macho. Ngoma hiyo haiachiwi mtu peke yake. Lazima watu wainuke pembeni, waruke, wapige ukelele, wajifanye mazuzu, wajitupe sakafuni mchezaji awakanyage, kumwambia: wewe uko juu, sisi tu chini yako. Hakuna aliyeinuka. Watu walikuwa wakiokota mikoba yao.

Semisi aliijua hali hiyo. Kusimama mbele ya watu wasiokutazama, kwenye usaili, mara kumi na tisa. Akaruka. Akapiga ukelele. Akajitupa kifudifudi miguuni pake, na unyayo ukamkanyaga mgongoni, wa baridi, mzito kuliko ule mwili mwembamba.

"Semisi," Lupe alinong'ona. "Unamrukia nani?"

Jukwaa lilikuwa tupu.

Jioni ile, baragumu la kombe lilipolia na kijiji kizima kikajifungia kwa sala, Semisi aliketi peke yake kwenye nyumba ambayo mama yake aliiacha na mikeka yote, akajaribu kuimba wimbo wa baba, akasikia nyuma yake kitana kikipita kwenye nywele, taratibu, chakacha, chakacha, akaimba kwa nguvu zaidi, na harufu ya langilangi ikaja ikamkalia begani, na matone yakaanza kudondoka kwenye mkeka wa mama, moja, jingine, mpaka yakafika kwenye goti lake, na hakuthubutu kugeuka kwa sababu sauti ya pili, nyembamba, ilikuwa imeudaka wimbo ule na ilikuwa ikiuimba pamoja naye, vizuri kuliko yeye.

Jumapili baada ya ibada, Lupe alimburuta kwa Bibi Fa'asao, mganga wa majani na mafuta. Bibi aliufunua mgongo wa Semisi, akaona alama ya unyayo.

"Ulilala chini yake? Mbele ya watu?"

"Sikujua, Bibi."

"Yule ni pepo wa maji, na ukumbi ule umejengwa juu ya chemchemi yake. Anacheza pale tangu bibi yangu akiwa msichana, na hakuna aliyewahi kumwinukia. Sasa wewe umempa daraja la kuvukia hadi kwako."

"Mtoe, Bibi, tafadhali," Lupe alinong'ona.

"Mimi nasugua tu. Anayemfukuza ni aliyemkaribisha. Sema: sikujui, nenda. Mara tatu."

Mvua ikaanza kulipiga bati. Semisi akasema mara moja, kwa kelele. Akasema mara ya pili. Halafu akaikumbuka nyumba. Akaikumbuka kesho, ndege, mikeka, na baragumu likilia bila mtu wa kuitikia sala.

"Kasema ya tatu?" Bibi aliuliza kutoka nyuma, mikono ikisugua.

"Kasema, nimeuona mdomo," Lupe akajibu, akamkumbatia huku akilia. "Umepona, mwaya. Umepona!"

Semisi alikuwa amefuatisha kwa midomo tu, kama wale sita.

Jumatatu aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege. Toma aliahidi kupiga simu kila wiki, na wote watatu walijua kwamba hatapiga. Kombe lilipolia jioni, Semisi alifunga mlango, akapakua mihogo kwenye sahani mbili. Aliporudi na chumvi, moja ilikuwa imelowa.

"Kula," alisema bila kugeuka. "Halafu tutaimba."